Spesa za Magurudumu Zisitiwe Kiholela

Gari lililotanuliwa miguu hutambulikana kwa mbali. Tairi zake zimetokeza nje ya madigadi, limekaa kama mtu aliyejipanga kwa mwereka, na linapopita penye maji humrushia tope kila aliye pembeni, awe mzee aendaye sokoni Darajani au mwanafunzi mwenye sare nyeupe. Kinacholitanua ni kipande kidogo cha bamba la duara, la chuma au la aluminiamu, ambacho mafundi hukiita spesa. Hutiwa baina ya habu na rimu, na kazi yake ni moja tu: kulisogeza gurudumu nje, ili masafa baina ya tairi ya kushoto na ya kulia yawe makubwa kuliko yalivyopangwa kiwandani.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kipande cha bamba chenye unene wa milimita 30 kijadiliwe gazetini, ilhali yako mambo makubwa yanayongoja zamu. Jawabu ni kwamba gari la namna hiyo halitembei katika uwanja wa mwenyewe. Linatembea katika barabara moja na daladala, baiskeli, gari la ng'ombe na watoto wanaotoka skuli. Isitoshe, miongoni mwa magari ya nguvu yaliyomo Unguja yapo ambayo ni mali ya wizara na mashirika, yaani mali ya umma. Watumishi na walimu ndio wanaoyapanda kwenda kukagua skuli Makunduchi au kusimamia mitihani Matemwe, na ni watumishi hao hao wanaoletewa karatasi ya matengenezo watie saini. Anayetia saini hana budi kujua anachokiidhinisha.

Yuko pia mwalimu aliyejinyima miaka kadhaa, akachukua mkopo, akanunua Suzuki iliyokwisha kutumika Japani. Siku ya kwanza anapoifikisha kwa fundi huambiwa, "Mwalimu, gari yako nyembamba hii, itakuangusha. Tuitie spesa, itakaa sawasawa." Mwalimu hutazama, huona kweli gari ni nyembamba na ndefu kwenda juu, na maneno ya fundi yanamwingia. Wala fundi hakusema uongo mtupu. Katika maneno yake mna ukweli, ila ni ukweli wa nusu.

Tuanze na hiyo nusu iliyo kweli, maana haifai kukipinga kitu kabla ya kukipa haki yake. Wazo la kutanua miguu ya gari si la wahuni. Wakulima wanalijua tangu zamani. Trekta la Massey Ferguson 135, ambalo vizazi vya madereva wa Afrika Mashariki wamelimia, lilitengenezwa makusudi ili upana wa magurudumu yake ya nyuma ubadilishwe kutoka inchi 48 hadi inchi 76, kwa hatua za inchi 4, kwa kugeuza rimu na dishi zake. Mkulima huupanga upana kufuata nafasi za matuta na aina ya udongo, na katika mabonde ya mpunga kama Cheju kila mtu anaelewa faida ya kuwa na chombo kisichopinduka kirahisi kwenye utelezi. Lakini yafaa izingatiwe kwamba aliyelipa trekta uwezo huo ni mtengenezaji mwenyewe. Ekseli, beringi na nati zake zilipigiwa hesabu kwa upana wote huo, tangu ule mdogo hadi ule mkubwa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na maofisi. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari linalofahamika katika kila mkoa wa Tanzania, lina kasoro moja ambayo wenye kulitumia wanaijua. Mtengenezaji alipoipanua sehemu ya mbele, hasa katika matoleo yaliyokuja na injini ya silinda 8 mwaka 2007, sehemu ya nyuma aliiacha kama ilivyokuwa, hata upana wa nyuma ukawa mdogo kuliko wa mbele kwa milimita zipatazo 95. Katika lami tofauti hiyo haidhuru sana. Katika mchanga hali ni nyingine: tairi za nyuma, badala ya kufuata njia iliyokwisha kukandamizwa na zile za mbele, zinalazimika kujikatia njia mpya. Injini hufanya kazi mara mbili, mafuta huliwa, na gari hukwama pale ambapo lingepita. Mtu anayetia spesa nyuma ya gari la namna hii ili nyayo nne zifuate mistari miwili anayo hoja, wala asiitwe mwenye kujionyesha.

Ipo pia faida ya tatu, ndogo lakini ya kweli. Anayetia tairi pana kuliko za kiwandani mara nyingine hukuta kwamba usukani ukikatwa mpaka mwisho tairi husugua springi au fremu. Spesa humwepusha na hilo, ingawa pangekuwa na busara zaidi kuuliza kwanza kama tairi hizo pana zilihitajika.

Sasa ile nusu nyingine. Fundi alisema gari nyembamba litaangusha. Hesabu yake ni nyepesi, na mwalimu anaweza kuifanya ubaoni. Uthabiti wa gari lisipinduke hupimwa kwa kugawa nusu ya upana wa miguu kwa kimo cha kitovu cha uzito. Lichukuliwe gari lenye upana wa milimita 1,300, ambalo kitovu chake cha uzito kiko milimita 650 juu ya ardhi. Nusu ya upana ni 650. Ukigawa kwa 650 unapata 1. Ukitia spesa ya milimita 30 kila upande, upana unakuwa 1,360, nusu yake 680, na jawabu linapanda mpaka 1.05 hivi. Faida haifiki hata asilimia 5. Ni faida, lakini ni ndogo kuliko inavyoonekana kwa macho.

Tena mara nyingi mwenye gari haishii hapo. Aliyetia spesa hupenda pia gari linyanyuke, basi huongeza springi ndefu na tairi kubwa. Kitovu cha uzito kikipanda kwa milimita 50 tu, hesabu inakuwa 680 kugawa kwa 700, nayo ni 0.97. Gari limekuwa rahisi kupinduka kuliko lilivyotoka kiwandani, na mwenyewe amelipa fedha mara mbili ili lifikie hapo. Magunia mawili ya mchele ya kilo 50 yakifungwa juu ya paa la gari la kilo 1,200, kwenye kimo cha milimita 1,800, hukinyanyua kitovu hicho kutoka 650 hadi 738, na hapo jawabu, pamoja na spesa zake, huanguka mpaka 0.92. Kumbe kushusha mzigo kutoka juu ya paa kunamkinga abiria kuliko bamba lolote linalouzwa dukani, na hakugharimu hata senti.

Hofu ya magari membamba kupinduka si ya kubuni. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani liliitangaza Suzuki Samurai kuwa haikubaliki, likidai kwamba huelekea kupinduka dereva anapokwepa jambo la ghafla. Kampuni ililishitaki jarida hilo mwaka 1996, na shauri likamalizwa kwa mapatano mwaka 2004. Mabishano ya mahakamani hayakuondoa fundisho moja: gari fupi na jembamba linataka mwendo wa pole kwenye kona. Unguja haina milima. Gari likipinduka huku, yaelekea zaidi kuwa kwenye kona ya lami na mwendo wa kasi kuliko kwenye mteremko wa jabali, na kwa mwendo wa kasi asilimia 5 ya spesa si kinga ya kutegemewa.

Lakini hatari kubwa ya spesa haiko katika kupinduka. Iko katika nati.

Watu wengi hudhani kwamba gurudumu limeshikwa na stadi, kama nguo ilivyotundikwa kwenye msumari. Sivyo. Nati zinapokazwa barabara, huibana rimu dhidi ya habu kwa nguvu kubwa mno, na ule msuguano baina ya nyuso mbili ndio unaolibeba gari. Stadi kazi yake ni kubana tu. Nati zikilegea kidogo, msuguano hupotea, rimu huanza kucheza, na sasa stadi ndizo zinazobeba uzito kwa kupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka. Chuma kinachopindwa hivyo huchoka. Hukatika stadi moja, kisha zilizobaki hubeba zaidi, zikafuata. Gurudumu lenye uzito wa kilo 30 lililochopoka katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa halisimami na gari. Hutangulia mbele peke yake, wala halichagui litakayempiga.

Ipo spesa ya namna mbili. Ya kwanza ni nene, yenye stadi zake yenyewe: hufungwa kwenye habu kwa nati za mwanzo, kisha rimu hufungwa kwenye spesa kwa nati nyingine. Gari lenye nati 5 kwa gurudumu, yaani 20 kwa jumla, sasa lina nati 40. Na katika hizo, 20 zimefichika nyuma ya rimu. Dereva mwangalifu anayezunguka gari lake asubuhi na spana mkononi hawezi kuzigusa. Hawezi hata kuziona. Ili azijaribu hana budi kunyanyua gari kwa jeki na kutoa magurudumu yote manne. Je, ni madereva wangapi wa ofisi waliopewa muda, jeki nzuri na spana ya kipimo kwa kazi hiyo? Kwa gari dogo la nguvu, nati hukazwa kwa kiasi cha niutoni-mita 100, sawa na kuning'iniza kilo 10 kwenye ncha ya mpini wa mita moja. Kukisia kwa mguu juu ya spana ya msalaba, kama ilivyozoeleka, ama hulegeza ama huvuta stadi mpaka ikaharibika.

Ya pili ni bamba jembamba lisilo na stadi zake, linalopachikwa tu juu ya stadi za zamani. Hii ndiyo rahisi kwa bei, nayo ndiyo mbaya kupita zote. Unene wake wote unaibiwa kutoka kwenye meno ya stadi. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike meno yenye urefu usiopungua kipenyo cha stadi. Kwa stadi ya milimita 12 ambayo meno yake yameachana kwa milimita 1.5, maana yake ni kwamba nati izunguke mara 8 kamili kabla ya kukaza. Mwenye gari anaweza kuhesabu mwenyewe kwa vidole. Nati ikizunguka mara 4 au 5 ikagota, gari hilo lisiondoke karakana.

Kisha kuna beringi. Kiwandani gurudumu liliwekwa ili uzito uangukie baina ya beringi ya ndani na ya nje. Kila milimita ya spesa inauvuta uzito huo nje. Kwa gurudumu linalobeba kilo 600, spesa ya milimita 30 huongeza mzigo wa kupinda ulio sawa na kuning'iniza kilo 18 kwenye ncha ya fimbo ya mita moja, mchana na usiku, hata gari likiwa limesimama. Gurudumu likianguka shimoni mzigo huo huzidi maradufu. Njia za uwanda na maweni za kusini na mashariki ya kisiwa, kuelekea Kizimkazi na Michamvi, hazina shimo moja kubwa la kukwepwa. Ni mtetemeko wa mawe mfululizo, na huo ndio ulaji hasa wa beringi. Haki isemwe hapa: mtu anayebadili rimu akatia zenye dishi lililotoka nje zaidi humpa beringi mzigo ule ule. Tofauti ni kwamba huyo hakuongeza nati 20 zisizoonekana.

Unguja ina adui mwingine ambaye vitabu vya nchi baridi humtaja kwa haraka tu, naye ni chumvi. Aluminiamu ikigusana na chuma palipo na maji ya chumvi, aluminiamu huliwa. Upepo wa kaskazi na wa kusi huileta chumvi hiyo mpaka barazani, achilia mbali gari linalopelekwa ufukweni Nungwi, Paje au Jambiani kuvuta mashua. Baada ya misimu michache spesa huota unga mweupe baina yake na habu. Ama hushikana na habu kama iliyochomelewa, isitoke mpaka kwa nyundo, ama ule unga huzuia nyuso mbili zisikutane sawasawa. Na zisipokutana, nati iliyokazwa jana leo imelegea. Kusafisha kwa brashi ya waya na kupaka mafuta kidogo sana kwenye uso wa habu, bila ya kuyagusisha meno ya stadi, ni kazi ya kila matengenezo. Asiyekuwa tayari kuifanya asitie spesa katika kisiwa hiki.

Usukani nao hubadilika. Mtengenezaji aliupanga mhimili wa kukatia kona ukaribiane na mahali tairi inapogusa ardhi. Gurudumu likisogezwa nje, kila shimo na kila jiwe huuvuta usukani mkononi mwa dereva. Dereva mwenye nguvu atasema ni jambo la kuzoea. Na azoee, lakini gari la ofisi haliendeshwi na mtu mmoja.

Ndani ya Mji Mkongwe jambo hili huwa la aibu. Mji huo, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, haukujengwa kwa ajili ya magari, na njia chache zinazoyaruhusu kupita huwapa madereva nafasi ya kiganja tu kila upande. Dereva hupima nafasi kwa kutazama bawa la gari na kioo chake. Akiwa na tairi iliyotokeza nje ya bawa, kipimo chake kimekuwa cha uongo. Milimita 60 za jumla ni upana wa vidole vitatu, na vidole vitatu vyatosha kukwangua pembe ya ukuta wa chokaa au kuupita juu ya mguu wa mzee aliyekaa barazani akinywa kahawa. Kwa wakazi wa Mkunazini na Shangani hoja ya tairi kutotokeza nje haihitaji kitabu cha uhandisi.

Nchi nyingine zimelitazama suala hili kwa njia mbalimbali. Kanuni za marekebisho ya magari za Australia, nchi yenye jangwa na mchanga usiokwisha, haziruhusu spesa ambayo haikuwekwa na mtengenezaji wa gari. Ujerumani inaruhusu, lakini kwa cheti cha spesa yenyewe na ukaguzi wa mtaalamu baada ya kufungwa. Japani, zinakotoka nyingi ya gari kuukuu zinazoshuka bandarini, ukaguzi wake wa lazima haukubali uso wa tairi utokeze nje ya bawa. Gari hilo hilo likishavuka bahari hutanuliwa hapa kwa namna ambayo huko lingezuiwa.

Zanzibar ina sheria yake ya usafiri wa barabarani ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara ya mwaka 1973, na ina wakaguzi wake. Kupiga marufuku spesa zote kusingekuwa haki kwa yule mwenye Land Cruiser anayepeleka dawa vijijini. Linalotakiwa ni mpaka unaoeleweka. Spesa ya bamba tupu lisilo na stadi isipitishwe katika ukaguzi kwa gari lolote. Spesa nene ipitishwe endapo imekaa barabara juu ya kitovu cha habu, haikuchongwa mtaani kwa kipande cha chuma chakavu, na tairi haikutokeza nje ya bawa. Na mkaguzi asitosheke kutazama kwa nje. Gurudumu moja litolewe mbele yake.

Kwa magari ya umma yafaa masharti yawe makali zaidi. Mhandisi wa wizara aandike sababu, si fundi wala dereva. "Gari likae vizuri" isikubaliwe kuwa sababu. Kukwama katika mchanga nako kusikubaliwe mpaka ithibitike kwamba dereva alikwisha kujaribu kupunguza upepo wa tairi, kutoka ratili 30 na kitu hadi 18 hivi, kwa mwendo wa pole, kisha akajaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Madereva wa pwani ya mashariki wanajua kwamba hilo pekee huvusha gari mahali ambapo spesa haivushi, nalo linataka pampu ndogo tu. Sababu ikikubaliwa, unene wa spesa na tarehe ya kufungwa viandikwe katika daftari la gari, ili dereva mpya ajue anachokiendesha na karani wa matengenezo ajue cha kudai.

Nati zote zikazwe upya kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo, nazo ni safari moja tu ya kwenda Nungwi na kurudi mjini. Baada ya hapo, kila gari hilo linapoingia karakana kubadili oili, rimu nne zitolewe, nati 20 za ndani zijaribiwe moja moja, na aliyezijaribu aandike jina lake katika daftari kabla ya dereva kukabidhiwa ufunguo.